Kwa nini mtu anavumilia kompyuta inayoganda kila siku, ila ukimwambia abadili mfumo endeshi anakukimbia?

#1 Kipanya Mchovu
Wakuu, salaam.

Mimi ndiye yule ndugu anayeitwa kila kompyuta ya ukoo inapogoma. Tangu msaada wa Windows 10 uishe tarehe 14 Oktoba 2025, nimewafuata watu tisa ambao mashine zao zimekataliwa na Windows 11 kwa sababu ya umri. Nikawaambia nawawekea Linux Mint bure (moja ya matoleo ya Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows), flashi nakuja nayo mwenyewe, na ninakaa nao mpaka wajue kila kitu kilipo. Wanane wamenijibu jambo lilelile kwa maneno tofauti: niachie hivyohivyo. Mmoja alikubali, akakaa nayo siku kumi na moja, akaniita nimrudishie ya zamani. Namuuliza imekukosea nini, anasema haijamkosea kitu.

Hapo ndipo nilipochoka. Haijamkosea kitu!

Na ni watu haohao wanaobadili simu bila kumuuliza mtu yeyote. Mimi nasema ni uoga na uvivu wa kujifunza, basi. Mwenye hoja nyingine alete.

#2 Mkeka wa Mbele
Nimeshatandika. Nasubiri watu wa Linux na watu wa Windows waanze kurushiana viatu.

#3 Fundi Kimya
Mleta uzi, uoga sawa, lakini uoga wa nini? Mimi nafungua mashine za watu kila siku. Ukimwambia mteja "nakubadilishia mfumo", yeye anasikia "nakufomati". Na hajakosea! Kila aliyewahi kupigiwa Windows upya alirudishiwa kompyuta nyeupe kama sahani iliyooshwa: picha za harusi hazipo, barua za kazi hazipo, nywila zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari zimekwenda. Sisi mafundi ndio tuliowafundisha uoga huo, maana wengi wetu tulifomati kwanza, maswali baadaye. Mimi mwenyewe nilishamfanyia hivyo mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameweka utafiti wake wa mwaka mzima pale juu ya kioo, siyo kwenye folda niliyonakili. Alivyonitazama siku ile sijasahau.

Siku hizi kabla sijagusa kitu nanakili kila kilicho chake kwenye diski ya nje, namfungulia aone kwa macho yake, ndipo naanza. Wanaokubali wameongezeka kidogo. Si wengi.

#4 Penguini Mkaidi
Kipanya usiyumbishwe, ni uvivu. Watu wanalia Linux ni ngumu na mfukoni wana Android, ambayo kiini chake ni Linux hiyohiyo. Jiji zima la Munich, Ujerumani, lilihamishia Linux kompyuta zaidi ya 14,000 za watumishi wake. Kama karani wa manispaa ameweza, jirani yako anashindwa nini?

#5 Mzee wa DOS
Penguini, umesimulia kichwa cha hadithi ukaficha mkia. Munich waliamua mwaka 2003, kazi ya kuhamisha ikakamilika 2013, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura warudi Windows. Ukiita shahidi, kwanza ujue atasema nini.

Halafu hoja ya Android. Aliyenunua simu hakubadili mfumo, alinunua simu. Mfumo ulikuwa umo ndani, umewashwa, unamsubiri. Laptopu za Chromebook nazo zinatumia kiini cha Linux tangu 2011 na sijasikia mwanafunzi akilia kwamba amelazimishwa Linux. Mimi nilianza na DOS, nikaja Windows 3.1, 95, XP, 7, sasa 10. Hata moja sikuichagua. Zote zilikuja na mashine. Mtu ambaye hajawahi kuchagua mara ya kwanza, mnamtaka achague mara ya pili?

Na msidhani zilikuja na mashine kwa bahati. Kulikuwa na mikataba ambayo mtengenezaji wa kompyuta alimlipa Microsoft kwa kila mashine iliyotoka kiwandani, iwe na mfumo wake au isiwe nao. Serikali ya Marekani iliizuia mwaka 1994, na kufika hapo mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

#6 Penguini Mkaidi
Shikamoo Mzee. Nimekubali ya Munich, ingawa uamuzi ule ulibishaniwa sana. Ila na wewe ungemalizia: jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, lilitangaza mwaka 2024 kwamba linahamisha kompyuta zipatazo 30,000 kwenda Linux na LibreOffice, programu za bure za ofisi kama Word na Excel. Na askari wa Gendarmerie wa Ufaransa wako kwenye Ubuntu yao, toleo jingine la Linux, miaka mingi sasa.

#7 Mzee wa DOS
Marahaba. Askari hapigi kura kuhusu kompyuta yake, anapewa amri. Uzi huu ni wa watu wa kawaida.

#8 Bi Hesabu
Nimesoma "karani" nikajua nimetajwa. Haya, karani amefika.

Nina faili la Excel nililolirithi kwa aliyenitangulia. Lina kitufe kimoja chekundu. Nikikibonyeza, orodha ya mishahara inajipanga, makato yanajikokotoa, karatasi zinatoka. Ndani kuna makro, yaani amri zinazojiendesha, ambazo aliyeziandika alishastaafu. Nilipojaribu kulifungua kwa LibreOffice namba zote zilikuja vizuri, kitufe kikawa pambo. Nibonyeze, kimya. Nani atakuja kuziandika upya? Penguini?

Na kuna jambo wanaume wa mitambo hamlisemi. Excel ikikosea mshahara wa mtu, ofisi nzima inasema "kompyuta imekosea". Nikitumia kitu nilichojiwekea mwenyewe kikakosea, nimekosea mimi. Huo si uvivu wala uoga wa kujifunza, ni kujua lawama itamwangukia nani.

Kichekesho: barua ya kurasa mbili niliyoiandika kwenye Linux, bosi alipoifungua kwake ikawa kurasa tatu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na saini yake tu, peke yake katikati ya jangwa.

#9 Koma na Nukta
Bi Hesabu, hiyo ni fonti. Word tangu toleo la 2007 ilikuwa inaanza na Calibri, mpaka majuzi walipoleta Aptos. Calibri ni mali ya Microsoft, kwa hiyo Linux haiji nayo. Iko Carlito, iliyochorwa makusudi herufi zake ziwe na upana uleule wa Calibri, na ziko Liberation kwa ajili ya Arial na Times New Roman. Kama Carlito haimo, programu inachukua fonti yoyote iliyo karibu, mistari inarefuka, saini inahama. Sakinisha Carlito saini itarudi nyumbani. Makro sina dawa.

#10 Bi Hesabu
Asante, nitajaribu. Lakini ona ulichofanya: umenipa aya nzima ya majina ya fonti. Miaka yote kwenye Windows sikuwahi kujua fonti ya barua yangu inaitwa nani wala mama yake ni nani.

#11 Mkeka wa Mbele
Linux: karibu bure, ila semina ni lazima.

#12 Mwalimu wa Zamu
Naongeza la vitabuni, nifupishe. Samuelson na Zeckhauser walichapisha utafiti mwaka 1988 kuhusu tabia ya watu kung'ang'ania hali iliyopo. Chaguo lilelile, ukimwambia mtu kwamba ndilo alilonalo sasa, linapata wafuasi zaidi kuliko ukiliweka mezani kama mojawapo tu. Na Kahneman na Tversky walishaonyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha.

Sasa chukua yule mtu wa siku kumi na moja. Alichopata ni kasi na usalama, vitu visivyoonekana. Alichopoteza alikiona mara hamsini kwa siku: kitufe kiko wapi, folda yangu iko wapi, mbona picha ikifunguka ni dirisha jingine. Kila kimoja ni kidogo mno kukitaja, ndiyo maana alisema haijamkosea kitu. Angetaja nini?

#13 Gemu Usiku
Mwalimu umetisha, ila kwangu ni gemu moja tu.

Na siwasingizii watu wa Linux, wamefanya kazi. Tangu Valve, wenye duka la gemu la Steam, walete programu ya Proton mwaka 2018, gemu nyingi sana za Windows zinachezeka kwenye Linux, na Steam Deck, kifaa chao cha gemu cha mkononi kilichotoka 2022, ni Linux mtupu. Tatizo ni zile za mashindano ya mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu unaoingia mpaka kwenye kiini cha mfumo. Valorant kwa mfano, kwenye Linux haifunguki. Rafiki zangu wote wako mle. Nihame niende kucheza na nani?

#14 Penguini Mkaidi
Si uweke mifumo miwili kwenye mashine moja, unachagua wakati wa kuwasha?

#15 Gemu Usiku
Niliweka, bro. Kila nikirudi Windows saa inasoma uongo, imekosea kwa masaa. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba Windows inaandika saa ya mahali ulipo kwenye saa ya ubao mama (motherboard), Linux inaandika saa ya dunia, basi wanafutiana kama watoto wawili wenye kifutio kimoja. Dawa ni amri ya mstari mmoja, nilipewa. Haijapita wiki, Linux ikakataa kuandika kwenye diski ya upande wa Windows. Kumbe Windows ukiizima kwa kawaida haizimiki kabisa, inalala nusu ili iamke haraka, na Linux ikiona mwenzake amelala hapo inagoma kugusa vitu vyake.

Yote yana maelezo mazuri. Ila nilikuwa nataka kucheza gemu.

#16 Asha Laptopu
Samahani wakuu naingilia. Laptopu yangu ina prosesa ya Intel kizazi cha 7, RAM GB 8. Windows 11 imeikataa. Natumia intaneti, kuandika barua, simu za video na printa, basi. Nifanyeje? Naogopa kuharibu.

#17 Kipanya Mchovu
Dada Asha, wewe ndiye niliyemuanzishia uzi huu. Upande wa Intel, orodha ya Windows 11 inaanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache mno za kizazi cha 7, na wanadai pia TPM 2.0, chipu ya usalama. Njia ya kwanza, ukitaka kubaki: Microsoft wametoa mwaka wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi, mpaka 13 Oktoba 2026, ila lazima ujiandikishe. Njia ya pili ni kuiwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, kamera, printa, na ufunge kifuniko uone kama inalala na kuamka. Kimoja kikikataa unazima, unachomoa flashi, mashine iko kama ilivyokuwa.

#18 Mzee wa DOS
Kipanya una haraka. Binti, kabla hujagusa mpangilio wowote wa kuwashia, angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba vilivyomo kwenye diski. Laptopu nyingi zinajifunga zenyewe bila mwenyewe kujua. Ikishtuka itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao vitu vyako umeviaga. Huwa unapatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi, siyo ndani ya laptopu hiyohiyo.

#19 Asha Laptopu
Asanteni. Hapo kwenye tarakimu 48 ndipo uoga umeongezeka.

#20 Mjukuu wa Pili
Mnazungumza nadharia nzito, babu yangu alikataa Linux kwa sababu ya karata.

Yuko XP mpaka leo. Nikamwekea Mint kwenye mashine nyingine, nikamtafutia mchezo wa karata unaofanana kabisa na wake. Akacheza mara moja, akashinda, akakaa anatazama kioo. Namuuliza vipi babu? Anasema "haziruki". Kumbe zile za zamani ukishinda karata zilikuwa zinaanguka moja moja zinadundadunda mpaka chini. Hizi zinakupongeza kwa maandishi. Akaniambia nimrudishie kompyuta yake.

#21 Mzee wa DOS
Babu yako nampigia saluti. Karata hizo zilikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na wengi wa rika letu ndizo zilizotufundisha kushika kipanya na kuburuta kitu kwenye kioo. Ila XP ilikatiwa msaada 8 Aprili 2014! Mwambie asiingie nayo mtandaoni.

#22 Mjukuu wa Pili
Haina intaneti, mzee. Ina karata na kikokotoo.

#23 Mzee wa DOS
Basi ni salama kuliko zetu.

Lakini babu amenikumbusha kitu kinachompinga Kipanya. Mwaka 2012 Windows 8 ilipotoka bila kitufe cha Start, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata, kwenye 8.1, kitufe kikarudishwa pale kwenye kona. Huo ni mfumo uleule, kampuni ileile, na faili zao hazikuguswa. Hamisha chumvi kwenye jiko la mtu uone kama atakushukuru, hata kama ulipoiweka ni karibu zaidi na sufuria.

#24 Koma na Nukta
Tuwaseme na wenye Linux kidogo. Mgeni akiuliza aanze na ipi, mmoja anasema Mint, wa pili Ubuntu, wa tatu Fedora, wa nne Debian, wa tano anawaambia wote hawajui kitu. Mgeni anafunga mlango taratibu. Na Ubuntu jina lenyewe ni "utu", sisi hatuhitaji kutafsiriwa! Sasa nendeni mkaulize swali dogo kwenye magrupu yao muone utu uko wapi.

#25 Fundi Kimya
Kweli. Mnakumbuka mwaka 2021 Linus Sebastian, yule wa video za kompyuta YouTube, alivyojaribu Linux? Alitaka kusakinisha Steam tu kwenye Pop!_OS, toleo jingine la Linux. Hitilafu ya vifurushi vya programu ikamtaka aondoe mazingira yote ya kioo (madirisha, menyu na vitufe), akaandika sentensi ya kukubali, akabaki na skrini nyeusi ya kuandika amri.

#26 Penguini Mkaidi
Alionywa! Iliandikwa pale kwamba kinachofuata ni hatari, na akalazimika kuandika sentensi nzima kwa mkono wake. Hakusoma.

#27 Bi Hesabu
Penguini, hakuna anayesoma. Wewe mwenyewe kwenye #4 hukusoma hadithi ya Munich mpaka mwisho.

#28 Mkeka wa Mbele
😂😂 Penguini anywe maji.

#29 Kipanya Mchovu
Nimerudi. Jana nimempigia yule wa siku kumi na moja, nikamsomea maelezo ya Mwalimu. Akacheka. Akasema hayo ya vitufe alishazoea siku ya nne. Kilichomrudisha ni kwamba usiku mmoja alikwama akitaka kuunganisha kompyuta na TV, sauti haitoki. "Kwenye Windows nina watu kumi wa kuwagongea. Kwenye Linux nina wewe, na ulikuwa umelala."

#30 Fundi Kimya
Na tatizo lenyewe lilikuwa kuchagua sauti itokee HDMI, ile waya ya TV. Dakika moja.

#31 Kipanya Mchovu
Dakika moja, ndiyo. Saa sita usiku.

#32 Mwalimu wa Zamu
Sitaki kung'ang'ania, lakini mtu akikupa sababu baada ya miezi usiichukue kama ndiyo yenyewe. Huenda vitufe vilimchosha, ile sauti ikawa kisingizio cha mwisho. Angekuwa anaipenda angesubiri asubuhi.

#33 Gemu Usiku
Au tuseme ukweli, kwenye Windows hao watu kumi nao hawajui. Wanakwambia zima uwashe.

#34 Bi Hesabu
Lakini wanapokea simu.

#35 Asha Laptopu
Nimerudi na majibu. BitLocker ilikuwa imewashwa kweli, Mzee Mungu akubariki, ufunguo nimeuandika kwenye daftari. Nikawasha Mint kwenye flashi. Waifai sawa, sauti sawa, kamera sawa. Printa imejitambua yenyewe bila draiva, nimeshangaa, maana kwenye Windows ilinisumbua siku mbili. Skana ya printa hiyohiyo imekataa. Na nikifunga kifuniko, nikifungua kioo kinabaki cheusi mpaka nizime kwa nguvu.

#36 Penguini Mkaidi
Hongera! Kifuniko kina dawa, huenda toleo la kiini ni la zamani kwa mashine yako. Kwa hiyo umesakinisha?

#37 Asha Laptopu
Hapana. Nimejiandikisha ule mwaka wa nyongeza. Flashi iko kwenye droo.

#38 Kipanya Mchovu
Wa kumi huyo.

#39 Fundi Kimya
Asha, skana ni ya kampuni gani na modeli namba ngapi?

#40 Bi Hesabu
Koma, Carlito nimeiweka. Saini ya bosi imerudi ukurasa wa pili. Kitufe chekundu bado kimenuna.